Gari jipya la umeme litoke yadi na chaji ya kumfikisha mwenyewe

Kila panapozungumzwa magari ya umeme siku hizi, swali moja halikosi kuzuka: mtu aliyelipa mamilioni ya shilingi kwa gari jipya, mbona akabidhiwe likiwa na chaji nusu, au hata chini ya nusu? Wako wanaoshikilia kwamba ni haki yake kulipokea likiwa limejaa hadi asilimia 100. Wako wanaojibu kwamba muuzaji anauza gari, umeme ni juu ya mwenyewe. Nimewasikiliza wa pande zote mbili, na tangu yaliyompata dada yangu nina msimamo wangu. Muuzaji ana wajibu wa kumuuliza mteja anakwenda wapi na gari lake siku ile ya kulichukua, kisha alichaji kiasi cha kumfikisha huko na akiba ikabaki, bila kulazimika kusimama popote njiani. Kwa anayekaa Kilimani, humu humu Nairobi, asilimia 50 inamtosha na kumbakizia, isipokuwa kwa betri za aina moja nitakazozieleza. Kwa anayekwenda Nakuru, Nyeri au Mtito Andei, ijazwe.

Desturi tuliyoizoea ni ya petroli. Anayechukua gari yadi hapa Nairobi, liwe jipya au lililoshuka meli kutoka Japani, anajua kwamba huenda taa ya mafuta ikawa inawaka. Anatoka getini na kwenda moja kwa moja kituo cha mafuta. Sijasikia watu wakigombana sana juu ya jambo hilo, kwa sababu ukitoka yadi zilizopangana pale Ngong Road huendi mbali kabla ya kuona pampu. Dakika tano, tangi limejaa, safari inaendelea. Hata ukizimikiwa njiani, unamtuma mtu wa boda na jerikeni, na kabla hujamaliza kulalamika kwenye simu ameshafika.

Umeme hauletwi kwa jerikeni. Gari la umeme likiishiwa barabarani unaita bredauni, tena ile ya kulibeba gari zima mgongoni, kwa sababu kuliburuta huku magurudumu yanayoendeshwa na mota yakizunguka kunaweza kuharibu mitambo yake. Gharama ya bredauni kutoka Kinungi hadi mjini mtu akishailipa mara moja hatarudia kulisifu gari la umeme mbele ya watu.

Na hata likifika nyumbani salama, siku ya kwanza ndiyo siku ambayo mnunuzi hana kitu. Mashine ya kuchajia ya ukutani, yenye nguvu ya kilowati 7, bado haijafungwa. Fundi amesema atakuja wiki ijayo, mwenye nyumba hajakubali waya upitishwe kwenye ukuta wake, au mita yenyewe haiwezi kubeba mzigo huo. Kilichopo ni soketi ya kawaida ya matundu matatu. Hapo gari huvuta ampea 10 hivi, yaani kilowati 2 na nukta. Chukua betri ya uniti 60 (uniti moja ni kilowati-saa moja, ileile unayoinunua kwa tokeni), iliyokabidhiwa ikiwa asilimia 20. Kuijaza kwa soketi hiyo ni saa 20 na zaidi. Ukilichomeka Ijumaa jioni, Jumamosi jioni bado limechomekwa, na hapo umeme haujakatika hata mara moja. Nani asiyeikumbuka Agosti 2023, Kenya karibu nzima ilipoingia gizani usiku na mpaka kesho yake watu bado wanasubiri?

Mwenye gari akishakaa nalo mwezi mmoja, ana mashine yake, anajua linakula kiasi gani, anajua vituo vya kuchajia viko wapi, na kuona chaji iko chini hakumtishi. Aliyelipokea leo hana lolote kati ya hayo, na ndiye anayepewa chaji ndogo kuliko wote.

Dada yangu ana duka la dawa Nakuru. Alikuwa amechoshwa na bei ya petroli na safari za kila siku za kupeleka dawa zahanati za Njoro na Rongai, akaweka akiba, akakopa sehemu kwenye sako, akanunua gari dogo la umeme, jipya kabisa, lenye betri ya uniti 45. Pesa zilikuwa zimeshaingia zote siku kadhaa kabla. Tuliambiwa tuje Alhamisi. Tukapanda matatu ya alfajiri, tukafika Nairobi mapema, tukakaribishwa vizuri sana. Gari lilikuwa limeoshwa likang'aa, limefungwa utepe mwekundu juu ya boneti. Tukapigwa picha. Dada akashika ufunguo, akaketi, akabonyeza swichi, na kioo kikawaka: asilimia 34, kilomita 108.

Akamgeukia kijana aliyekuwa akituhudumia. "Mwanangu, hii itanifikisha Nakuru?"

"Mama, hiyo ni nyingi. Hapa mjini utazunguka nayo siku mbili."

"Mimi sikai mjini. Hata kwenye fomu zenu niliandika sanduku la posta la Nakuru."

Kijana yule hakuwa mkorofi. Alinyamaza kidogo, akaenda kumuuliza mkubwa wake, akarudi akasema wana mashine moja tu ya kuchajia na kuna gari la maonyesho limechomekwa, lakini wataliondoa. Likaondolewa baada ya chakula cha mchana, kwa sababu mwenye ufunguo wake alikuwa ametoka. Tukachomeka la dada. Ilikuwa mashine ya kilowati 7, na kutoka 34 hadi karibu 90 ni saa tatu na nusu, hakuna namna ya kuifupisha. Tukakaa kwenye viti vya mapokezi. Watu wa yadi wakaanza kufunga ofisi mmoja mmoja. Mlinzi akawasha taa za uani. Tulitoka getini giza limeshaingia, na foleni ya Waiyaki Way ilikuwa haijapungua.

Msomaji anayeijua barabara ile anajua kinachofuata. Ukipita Limuru unapanda, unapanda, na Kimende usiku ni ukungu. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha. Malori yanatambaa mbele yako, mengine taa moja ya nyuma haiwaki, na dada yangu, ambaye ameendesha gari lake la zamani kwa miaka mingi bila tatizo, alikuwa ndani ya gari ambalo hajui taa za ukungu zinawashwa wapi. Kila kitu kiko kwenye kioo cha katikati, ukikigusa unatoa macho barabarani. Mimi nilikuwa nashika tochi ya simu, napekua kitabu cha maelekezo. Nilimwona mikono ilivyoukaza usukani. Gari lile lilipaswa kuwa furaha yake. Alilinunua kwa jasho lake, na kilomita zake za kwanza alizimaliza kwa hofu, kwa sababu tu hakuna aliyelichomeka usiku wa jana yake.

Nilipofika nyumbani nilipiga hesabu ambayo yadi ingeweza kuipiga kwa dakika mbili. Gari la ukubwa ule hutumia takriban uniti 16 kwa kilomita 100 barabara kuu. Nairobi hadi Nakuru ni kama kilomita 160, kwa hiyo uniti 25 au 26. Ongeza mlima. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na barabara inapanda hadi zaidi ya mita 2,400 maeneo ya Kimende na Kinale. Kuunyanyua mzigo wa kilo 1,800, gari na watu wawili na maboksi, mita 700 kwenda juu kunakula karibu uniti 4 ukihesabu na zinazopotea kwenye mota. Sehemu yake hurudi unapoteremka kuelekea Naivasha, lakini si zote. Sasa asilimia 34 ya uniti 45 ni uniti 15. Tungeondoka nazo, tungeishiwa kwenye mteremko kabla ya kuiona Naivasha, kandokando ya malori.

Na zile kilomita 108 za kwenye kioo? Gari huzikisia kutokana na jinsi lilivyoendeshwa siku za karibuni. Gari jipya halijaendeshwa popote zaidi ya kupandishwa na kuteremshwa kwenye meli na lori, kwa hiyo makisio yake ni ya kiwandani, ya barabara tambarare na mwendo wa taratibu. Halijui Kimende. Mtu wa yadi anayemsomea mteja namba hiyo kana kwamba ni ahadi anamdanganya bila kukusudia.

Lakini nisiwe mtu wa upande mmoja, kwa sababu gari kufika nchini likiwa na chaji kidogo ni jambo lenye maana kubwa, na anayedai lijazwe tangu kiwandani hajui anachokiomba.

Magari haya huja kwa meli, yamepangwa sakafu juu ya sakafu, bampa kwa bampa. Julai 2023 meli iitwayo Fremantle Highway iliwaka moto karibu na pwani ya Uholanzi ikiwa na magari 3,783, kati yake 498 ya umeme. Baharia mmoja alikufa. Mwaka mmoja na ushee kabla yake, Februari 2022, Felicity Ace iliwaka karibu na visiwa vya Azores ikiwa imebeba magari kama 4,000, ikazama ilipokuwa ikivutwa. Watu walikimbilia kuyalaumu magari ya umeme, na kwa Fremantle Highway lawama hiyo ilikuja kuonekana ya haraka mno: meli ilipofikishwa bandarini, magari ya umeme yaliyokuwa sakafu za chini yalikutwa mazima. Hata hivyo wenye meli wana haki ya kuogopa. Betri ya lithiamu iliyojaa ina nishati nyingi zaidi ndani yake, na ikipata hitilafu huwaka kwa ukali zaidi kuliko iliyo nusu, tena moto wake ni mgumu kuuzima katikati ya bahari. Kwenye ndege sheria ni kali zaidi: tangu Aprili 2016, betri za lithiamu-ayoni zinazosafirishwa peke yake kama mzigo haziruhusiwi kuwa na chaji inayozidi asilimia 30. Basi gari linaloshuka Mombasa na asilimia 30 au 40 limefanyiwa jambo la busara.

Kuna na joto. Betri huzeeka hata ikiwa imekaa tu, na inazeeka upesi zaidi ikiwa imejaa na iko kwenye joto. Gari linaweza kukaa bandarini na kwenye bohari za forodha Mombasa kwa wiki kadhaa, Februari au Machi, juani, chuma kikiwa hakigusiki. Kuliacha pale likiwa asilimia 100 ni kumpunguzia mnunuzi uhai wa betri yake kabla hajaiona. Mimi ningependa gari langu likae pale likiwa nusu au chini ya nusu, na nisingemshukuru aliyelijaza.

Hoja hiyo ya meli na joto inakoma gari linapopakiwa lori kuja Nairobi. Gari la dada yangu lilikuwa limekaa kwenye yadi ile, chini ya paa, katika baridi ya Nairobi, kwa muda mrefu baada ya kutoka Mombasa, na siku ya kukabidhiwa ilikuwa inajulikana. Kulichaji usiku mmoja kabla ya mwenyewe kuja hakuzeeshi betri. Kinachozeesha ni kuliacha limejaa wiki nenda wiki rudi. Anayeleta hoja ya afya ya betri asubuhi ya makabidhiano amechukua ukweli wa bandarini na kuutumia mahali pasipohusika.

Sasa hiyo asilimia 100 yenyewe. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotaka iwe sheria kwa kila gari, kwa sababu betri si za aina moja. Kuna zile za nikeli, manganizi na kobalti. Kobalti hiyo kwa sehemu kubwa inachimbwa Kongo, kwa ndugu zetu wa Kolwezi na Likasi wanaozungumza Kiswahili hikihiki, na ningetamani siku moja nisome makala ya mtu wa huko kuhusu kinachobaki kwao. Betri za aina hii watengenezaji wengi hushauri zichajiwe hadi asilimia 80 kwa matumizi ya kila siku, na kujazwa kabisa mtu anapokuwa na safari ndefu. Safari ya kutoka yadi kwenda Nakuru ni safari ndefu. Ya kwenda South B si ndefu.

Aina ya pili ni ya lithiamu na fosfati ya chuma, haina nikeli wala kobalti, na magari mengi ya Kichina yanayoingia Afrika Mashariki yanaitumia, yakiwemo ya BYD yenye betri waliyoiita Blade. Hii inavumilia kujazwa. Tena ina tabia moja ambayo wauzaji wengi niliozungumza nao hawaielezi: volti zake hazibadiliki sana kutoka karibu kujaa hadi karibu kuisha, kwa hiyo kompyuta ya gari hupata shida kujua imebaki kiasi gani. Inahitaji kujazwa hadi juu mara kwa mara ndipo ipate pa kuanzia kuhesabu. Tesla, kwa magari yake yenye betri ya namna hii, huwashauri wenye magari wayajaze hadi 100 angalau mara moja kwa wiki. Gari lililosafiri baharini, likakaa bandarini, likakaa yadi, bila kujazwa hata mara moja, asilimia 34 inayoonyesha huenda isiwe 34. Inaweza kuwa 38, inaweza kuwa 29. Kwa gari lenye betri ya aina hii, kulijaza hadi juu usiku wa kuamkia makabidhiano ni kazi ya lazima ya maandalizi, kama kupima upepo wa matairi, na inamnufaisha hata yule anayekaa mtaa wa pili.

Kuna mahali pamoja ambapo chaji iliyojaa kabisa inataka tahadhari, nami nalisema kwa sababu watu wa Limuru na Tigoni watalikuta. Gari la umeme ukiachia pedali, mota hugeuka jenereta, linapunguza mwendo lenyewe na kurudisha umeme kwenye betri. Betri ikiwa imejaa, umeme huo hauna pa kwenda, na uwezo huo unapungua au unaondoka kabisa. Ukilijaza gari hadi 100 nyumbani Limuru kisha ukashika moja kwa moja barabara ya kuteremka Mai Mahiu, utakuta halikushiki ulivyozoea. Breki za kawaida zipo na zinafanya kazi, lakini mtu aliyezoea gari kujipunguza lenyewe atashtuka kwenye kona ya kwanza. Kwa anayekaa juu ya mteremko, 85 au 90 ni salama na inampendeza zaidi. Anayetoka Nairobi kwenda Nakuru haimhusu, kwa sababu hadi afike Kimende mlima umeshakula chaji na kuacha nafasi ya kutosha.

Ninachotaka kionekane ni kwamba jibu linatoka kwenye maswali mawili tu: betri ni ya aina gani, na mteja anakwenda wapi. Yadi inalijua la kwanza. La pili linaulizwa kwa simu.

Wakati mwingine husemwa ni gharama. Tuiangalie. Mwaka 2023 mamlaka ya nishati, EPRA, iliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri: Sh16 kwa uniti, na Sh8 usiku mahitaji yanapopungua, kabla ya kodi na tozo. Kulitoa gari la dada yangu asilimia 34 hadi 100 ni uniti 30. Hiyo ni Sh480 kwa bei ya mchana, Sh240 kwa bei ya usiku. Tuseme yadi ile haijasajiliwa kwa bei hiyo, inalipa ya biashara ya kawaida, na juu yake kodi na tozo zote. Hata ikifika mara tatu, haizidi bei ya lita kumi za petroli, na ule utepe mwekundu na mpiga picha nao hawakuja bure. Sitaki kusikia tena habari ya gharama kwenye bidhaa ya mamilioni.

Hoja yenye uzito kidogo ni ile ya mashine moja kwa magari mengi. Ni kweli, yadi inayokabidhi magari manne kwa siku na ina mashine moja ya kilowati 7 haiwezi kuyajaza yote asubuhi ileile. Lakini usiku una saa za kutosha, na kazi inaweza kupangwa kuanzia siku mbili kabla. Nairobi wanajua kulifanya hili. Mabasi ya umeme ya kampuni ya BasiGo, yaliyoanza kubeba abiria jijini mwaka 2022, huchajiwa usiku kwenye maegesho yake na asubuhi yanaingia barabarani. Hakuna dereva wa basi anayeambiwa asubuhi kwamba chaji yake ni ya kuzunguka mjini tu.

Tazama na bodaboda za umeme. Huko Kigali, tangu kampuni ya Ampersand ianze kazi mwaka 2019, na sasa hapa Nairobi na kwingineko, dereva anafika kituoni na betri iliyokwisha, anaiacha, anapewa iliyojaa, analipia umeme alioutumia, anaondoka. Biashara nzima imejengwa juu ya imani kwamba betri unayopewa imejaa. Siku kituo kikianza kutoa betri nusu nusu, wateja watahama kabla ya jua kuzama. Dereva wa boda anaheshimiwa hivyo kwa sababu kesho atarudi, na asiporudi kituo kinafungwa. Mnunuzi wa gari hatarudi kesho, labda baada ya miaka minane, na nahofu hiyo ndiyo sababu halisi inayofanya asubuhi yake isipangiwe na mtu.

Sheria nayo haiko kimya kabisa. Sheria yetu ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema gharama za kuiweka bidhaa katika hali ya kukabidhiwa ni za muuzaji, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Pia inamlinda mnunuzi aliyemjulisha muuzaji matumizi anayoikusudia bidhaa, akamtegemea kwa ujuzi wake. Haitaji asilimia ya chaji, na mimi si wakili. Ila kwa akili ya kawaida, gari ambalo mwenyewe hawezi kuondoka nalo hadi nyumbani, baada ya kusema nyumbani ni wapi, bado halijawa tayari kukabidhiwa. Kwa hiyo iandikwe. Kwenye karatasi ya mauzo, kabla ya kulipa salio, ongeza mstari mmoja: gari litakabidhiwa likiwa na chaji isiyopungua kiasi fulani, tarehe fulani, saa fulani. Wauzaji niliowauliza wanasema hawajawahi kukataa mstari huo, ila hakuna anayeuomba.

Karatasi hiyohiyo itaje na waya wa kuchajia. Hili linauma watu zaidi ya chaji yenyewe, hasa wanaonunua Nissan Leaf zilizotumika kutoka Japani. Gari linafika na waya wa Kijapani wenye plagi ambayo soketi zetu haziijui, au halina waya kabisa kwa sababu umechomolewa mahali fulani kati ya Yokohama na Nairobi. Tundu la kuchajia la haraka nalo ni la CHAdeMO, aina ya Kijapani, na vituo vipya vingi vimejengwa kwa plagi ya CCS2, ambayo haiingii humo. Mtu anaweza kukabidhiwa Leaf iliyojaa pomoni, akafika kwake, na asiwe na njia ya kuichaji tena. Fungua buti, toa waya, uchomeke pale pale yadi mbele yao, uone gari limeanza kupokea. Usikubali kuambiwa waya utaletwa na mtu wa boda kesho.

Mnunuzi naye ana lake la kufanya, na nimeanza kuwaambia wote wanaoniuliza. Mpigie muuzaji siku mbili kabla, sema jina la mji unaokwenda, mwambie unataka kuondoka kabla ya saa sita mchana. Asubuhi ya siku hiyo, kabla ya kupanda matatu, mwombe akutumie picha ya kioo cha gari kikionyesha asilimia. Ikiwa haijafika mliyokubaliana, ahirisha. Inaudhi, mashemeji wameshajiandaa kuja kuliona, lakini kesho haina hasara. Na ukishalipokea, lizoee kwanza uani: taa, wipa, taa za ukungu, breki ya mkono, namna ya kufungua kifuniko cha chaji umeme ukikatika.

Dada yangu analipenda gari lake sasa. Fundi alishamfungia mashine ukutani nyuma ya duka, analichomeka saa nne usiku, na Njoro na Rongai anazimaliza kwa siku bila kuangalia asilimia. Majirani wawili wameshamwomba awapeleke Nairobi kuangalia ya kwao. Mmoja anakaa Molo, ambako ni mbali kupita Nakuru na juu zaidi, na wiki iliyopita walikuwa wanapiga hesabu ya uniti nyuma ya risiti ya dawa. Wakaona kwamba hata likijazwa hadi 100 Nairobi, kwa betri ile litafika Molo likiwa limebakiwa na kidogo mno. Kwa hiyo atalala Nakuru kwa dada usiku wa kwanza, gari lichomekwe pale, na ameshamwambia muuzaji hivyo kwa simu. Muuzaji amejibu kwamba hilo ni jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kumletea, na ameahidi 100 kabla ya saa nne asubuhi.